Filamu ya Wadachi na Sahani ya Jirani

Mama si mtu wa filamu za vita. Yeye na tamthilia za Kituruki, zile ambazo mwanamume hutazama dirishani nusu saa nzima kabla ya kutamka kwamba anapenda, na ole wake atakayepita mbele ya televisheni wakati huo. Kwa hiyo nianze kwa kusema kwamba filamu ya Wajerumani haikuingia nyumbani kwetu kwa kutakwa na mtu. Niliileta mimi, kwa uvivu wangu.

Nilikuwa na magauni ya harusi ya watu mezani, mvua za vuli zinanyesha, na mama amemaliza tamthilia yake na kuanza kutazama kazi yangu badala yake, jambo ambalo hakuna fundi cherehani anayeweza kulivumilia. Mara mkono umekwenda upande, mara nani kanifundisha kukata shingo namna ile. Nikachukua flashi, nikenda kwa muuza filamu wetu hapa mtaani Jadida, nikamwambia anijazie chochote kilichotafsiriwa, maana mama hasomi maandishi ya chini. Hakuniuliza nataka nini, nami sikuuliza anatia nini.

Filamu hizi zilizotafsiriwa zina mambo yake. Mtu mmoja huko Dar es Salaam huketi na filamu ya watu, akaipunguza sauti, akaisimulia upya kwa Kiswahili kwa sauti yake peke yake: mume yeye, mke yeye, mtoto yeye, na farasi akikohoa pia ni yeye. Huyu ambaye mama anampenda hana habari na majina ya wahusika. Kila mwanamke wa makamo kwake ni Shangazi, kila mwenye buti na cheo ni Kamanda, na kila mzee ni Babu, iwe filamu ya Kihindi, ya Kikorea au ya Kizungu. Filamu ikiwa ndefu huikata vipande viwili, Sehemu A na Sehemu B, na baina yake hukumbusha watu wasiache kununua kipande cha pili.

Kabla sijafika kwenye filamu yenyewe, kuna habari ya sahani.

Katika kabati la vyombo la mama, rafu ya juu kabisa, ilikaa sahani nyeupe ya bati yenye maua mekundu, ukingo wake umebanduka rangi pahala pamoja. Haikuwa yetu. Ilikuwa ya jirani wa ng'ambo ya uchochoro, ambaye mlango wake unatazamana na wetu kiasi kwamba mmoja akipiga chafya mwengine humwombea Mungu. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Jirani akikuletea chakula, unakula, unaosha chombo chake, unangoja siku umepika kitu chako, unakitia mle ndipo unakirudisha, na kama huna kitu basi hata ndimu mbili. Tena mtu uliyegombana naye humpelekei chakula. Sasa sahani ya mtu uliyegombana naye utaifanyaje? Kuirudisha tupu ni aibu yako wewe. Kuijaza ni kumwambia kwamba yamekwisha. Kuitupa ni wizi. Mama aliiweka juu, kila mwaka Ramadhani ikikaribia akaiteremsha na kuiosha pamoja na vyombo vyengine, akairudisha palepale. Ilikuwa kwetu tangu niko darasa la kwanza, na tangu hapo nimeshaolewa, nimeshaachwa na nimeshamrudia mama na cherehani yangu.

Mwenye sahani nilikuwa nikimwita mama wa ng'ambo. Yeye na mama walikuwa mashoga tangu usichana, wakichana nywele pamoja na kugombana kwa mambo ya chumvi. Kisha zikaja zama za fujo za siasa, baada ya uchaguzi mmojawapo. Sisemi upi, kila nyumba ya Pemba ina wake. Watu wakawa hawazikani, hawaalikani harusini, na dukani mtu anaangalia kwanza kadi ya chama ya muuzaji ndipo aulize bei ya sukari. Mume wa jirani alikuwa na kadi ya upande mmoja na baba wa upande wa pili. Wake zao wakasema kadi ni mambo ya wanaume, wakaendelea kupelekeana sahani.

Baba alikuwa fundi wa baiskeli, na mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko banda lake. Alisema barazani yasiyosemwa, akaja kuambiwa kwamba anatafutwa. Wengi siku zile walivuka bahari wakakimbilia Kenya, nasi tukatangaza kwamba naye amevuka. Kumbe yuko kwenye ghala yetu ya uani, nyuma ya magunia ya karafuu, anakohoa ndani ya mto. Mimi nilifundishwa kusema "baba kasafiri" mpaka nikawa naisema usingizini.

Magharibi moja mama wa ng'ambo akaja na mkate wa kumimina katika ile sahani. Nakumbuka mkate mkubwa, mwekundu juu, unanukia iliki. Mama aliupokea, akashukuru, akafunga mlango, kisha akasimama na ile sahani mkononi bila kuiweka. "Kaja kuhesabu midomo," akasema. Sikuelewa midomo ya nani. Baba alikula vipande vingi, akasifu mpishi.

Alfajiri wakaja askari. Hawakupekua chumba hata kimoja, wala hawakuuliza swali. Walipita ukumbini, wakatoka uani, wakaenda moja kwa moja ghalani na kuvuta magunia. Moja likapasuka, karafuu zikamwagika, nyumba nzima ikajaa harufu yake. Mpaka leo nikipita zilipoanikwa huziba pua nikageuza njia, na mwenye pua kama yangu asingepaswa kuzaliwa Pemba.

Baba alirudi baada ya wiki nyingi, amekonda, mkono mmoja hauinuki. Aliendelea kutengeneza baiskeli kwa mkono uliobaki, akaishi miaka mingi, akafa kitandani kwake kwa maradhi ya watu wote. Mama hakumwambia jirani neno tena. Nami nikakatazwa kumwita mama wa ng'ambo. Lakini baba, ambaye ndiye aliyetolewa nyuma ya magunia, kila akitoka asubuhi alisimama uchochoroni akamwamkia yule bibi kwa heshima, na mama nyuma ya pazia akisonya. Niliwahi kumwuliza kwa nini. Akanijibu kwamba salamu haina chama, akaniomba nimletee spana.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kabatini siku niliyochomeka flashi.

Sehemu A ilianza na mvua, mji wa barabara za mawe, na watu waliovaa makoti mpaka magotini. "Hapa ni Ulaya," akasema mtafsiri, "Wanazi wameshaingia mji wa watu, na wamekaa." Ulaya ipi hakusema. Mama alikuwa chini mkekani, ungo wa mchele mapajani. Akaniuliza Wanazi ni kabila gani. Nikamwambia ni Wajerumani wa vita vile vikubwa.

"Wadachi," akasema, kwa jina la wazee wake. "Na wenyewe wa mji wako wapi?"

"Wamo, mama. Ndio hao."

"Wanaishi pamoja?"

"Wanaishi pamoja. Askari wakipita wao wanashuka njia."

Akatazama. Watu wale walikuwa wamepanga mstari wa mkate, kila mmoja kashika kadi yake, na asiye na kadi hapewi. "Hata huko kadi," akasema mama, akarudi kwenye mchele.

Katika nyumba moja mke na mume walikuwa wamewaficha daktari na binti yake nyuma ya kabati la nguo. Walikuwa Mayahudi. Mama akauliza wamekosa nini. Nikamwambia hawakukosa kitu, wanatafutwa kwa vile walivyozaliwa tu, wao na wenzao wote, wadogo kwa wakubwa. Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha. Alipoona sifanyi mzaha hakuuliza tena.

Ndipo akaingia Shangazi. Alikuwa jirani, mwanamke mnene wa makamo, kilemba kichwani, koti la rangi ya udongo, na mkononi sufuria ya supu. Aliwaletea wale mke na mume. Akaiweka mezani, akauliza hali, na macho yake yakapita juu ya meza, juu ya vijiko, yakasimama kidogo kabatini. Akaaga akaondoka. Asubuhi yake buti zikapanda ngazi, na askari hawakufungua chumba chengine chochote. Walikwenda moja kwa moja kwenye lile kabati.

Mkono wa mama ulisimama ndani ya mchele.

"Ndiye," akasema.

"Ndiye nani?"

"Yuno. Hukuona jicho lake lilivyokwenda?" Akainuka, akaenda mpaka kwenye televisheni, akaweka kidole juu ya kioo, pahala ambapo Shangazi alikuwa ameshaondoka zamani. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Mimi nimebana pini mdomoni, gauni la mtu magotini, najilaani kwa uvivu wangu. Nikamwambia nitazima, nimtafutie Waturuki wake.

"Usizime," akasema. "Nataka nione Mungu alimfanya nini."

Basi tukafungua Sehemu B, na hapo ndipo akili zetu zilipoanza kusokoteka.

Kwanza, mvua imegeuka theluji. Sawa, Ulaya. Pili, Babu ambaye tulimwona kwa macho yetu akipigwa risasi yuko hai, anakunywa chai.

"Si walimuua yuno?"

"Labda risasi haikumpata vizuri," nikasema.

Kamanda amenyoa masharubu na amekuwa mfupi. Nyumba si ile. Mama akasema wamehama, nani angekaa nyumba ile baada ya yale. Binti wa daktari sasa ni mvulana. Kwa hili tulibishana sana, mpaka nikagundua kwamba wamemkata nywele na kumvisha suruali ili Wajerumani wasimjue. Nilijiona mwerevu mno. Mama akakubali, akasema hata yeye angefanya vivyo.

Shangazi hakuwa na shaka. Kilemba kilekile, koti lilelile, unene uleule, na mtafsiri mwenyewe kasema, "Huyu hapa Shangazi." Lakini Shangazi huyu alikuwa akificha mikate ndani ya koti lake na kuwapelekea watu waliojificha chini ya sakafu ya kanisa. Akipita mbele ya askari anatabasamu. Akifika anabisha sakafu kwa kisigino, ubao unainuka, mikono inatoka. Mama alisogea karibu mpaka nikamwambia ataharibu macho. Siku moja wakamkamata. Wakaitoa mikate kotini, wakaipanga mezani, wakamwuliza inaliwa na nani. Wakampiga. Akanyamaza. Wakampandisha lori pamoja na wengine, na mtafsiri, ambaye hata kwenye mazishi huwa na la kusema, hapo alinyamaza pia.

Filamu ikaisha. Kioo kikawa cheusi.

"Sijafahamu," akasema mama.

"Hata mimi."

"Ikiwa aliwataja wale, kwa nini asiwataje wano, na huku anapigwa?"

"Labda alijuta."

"Mtu hajuti haraka vyo." Akafikiri. "Hebu irejeshe nyuma. Ile ya mwanzo. Nioneshe pale anaposema."

Niliirudisha nyuma. Supu, meza, macho, kuaga. Kisha asubuhi, buti. Nikairudisha tena. Hapakuwa na pahala popote ambapo Shangazi anasema na askari. Tuliona supu, tukaona buti, katikati tukajaza wenyewe. Mama alisema, "Enhe," akauchukua ungo wake akaenda jikoni, na mchele ule wa siku ile uliungua.

Siku zile jirani alikuwa mgonjwa wa kulala. Mkamwana wake, mke wa mwanawe, alikuwa akitoka mlangoni na beseni, kila mpita njia akimwuliza hali, naye akisema tumwombee. Mtaa mzima ulishakwenda kumtazama isipokuwa nyumba iliyo karibu kuliko zote. Mama alikuwa akiketi nyuma ya pazia akiwaona wanavyoingia na kutoka, na sasa hakusonya tena. Alianza kuniuliza maswali ya ajabu, niko katikati ya kushona, bila utangulizi.

"Mkate ule ulikuwa mkubwa kweli, au mie nauona mkubwa kwa yaliyokuja baadaye?"

"Nilikuwa mtoto, mama. Kila mkate ulikuwa mkubwa."

"Ukiletewa mkate mkubwa, si kwa kuwa mtu anajua mko wengi? Na akijua mko wengi akaleta mkubwa, si wema huo?"

Nikaendelea kushona. Ilinishangaza mwanamke huyu aliyenilea kwa yakini moja, kwamba fulani ndiye, anavyoifumua yakini hiyo kwa sababu ya filamu ya flashi. Nilikasirika pia, sijui kwa ajili ya nani. Labda kwa ajili ya baba na mkono wake.

"Nikiwa nimemdhulumu," akasema siku moja, "basi nimemdhulumu miaka yote hii. Na anakufa. Nikimzika kabla sijamtaka radhi nitamwambia nini Mungu, kwamba sahani ilikuwa juu siifikii?"

Kesho yake nikamkuta ameloweka mchele na anakuna nazi. Alioka mkate wa kumimina kwa moto wa juu na chini, kwa makumbi ya nazi, kama wa zamani, ukatoka mwekundu. Kisha akaniambia nimteremshie sahani ile. Nilipanda juu ya kiti. Nilifurahi, nami niliogopa, na sijui kipi kilikuwa kikubwa zaidi. Nilipompa aliipangusa kwa ncha ya kanga hali ilikuwa safi. Nikamwacha anaungoja mkate upoe, nikatoka kununua uzi mweupe.

Duka la uzi lipo mkabala na muuza filamu. Flashi nilikuwa nayo mkobani, nikaona bora nibadilishe, nimtilie mama kitu cha kucheka. Nikamwambia yule bwana kwamba filamu yake ya Wajerumani imetuchanganya vichwa, hasa Sehemu B.

"Sehemu B ipi?" akasema. "Ile ya supu sina Sehemu B yake, dada. Nalikutilia nyengine ya vita vivyo hivyo, usije ukarudi na flashi nusu."

"Filamu nyengine?"

"Nyengine. Nchi nyengine kabisa. Lakini si Wajerumani ni wale wale?"

"Na Shangazi?"

Akacheka. "Shangazi yupi? Kwa yule kila mwanamke ni Shangazi. Mamangu mie angemwita Shangazi."

Nikaona Babu aliyefufuka, Kamanda aliyepungua kimo, na yule binti wangu aliyekatwa nywele. Uerevu wangu wote ukanishuka miguuni. Nikamwuliza yule wa supu basi, huko mwisho anakuwaje. Akasema hakuitazama yote, lakini waliomaliza wanasema ndiye aliyewachongea wale watu kwa Wajerumani, kwa kupewa kadi ya pili ya mkate.

Sikumbuki kama nililipia uzi. Nakumbuka nilikwenda mbio na ndara, matope yananirukia baibui, na kichwani nina jambo moja tu: mama anakwenda kumwomba radhi mtu ambaye huenda ndiye aliyemtoa baba nyuma ya magunia, na anakwenda kwa sababu muuza filamu hakutaka kuona flashi nusu. Aliomba Mungu amwoneshe, akaoneshwa filamu mbili zilizoungwa na mvivu mmoja na kuletwa na mvivu mwengine. Nimkute tu hajavuka uchochoro.

Nilikuta jiko limezimwa. Kabatini juu kuna duara lisilo na vumbi. Nikatoka mlangoni nikaviona viatu vya mama kizingitini mwa jirani, vimepangwa vizuri, vimetazama nje, vile anavyovipanga akienda kwa watu anaowaheshimu. Ningeweza kupiga hodi. Ningesema nini? Mama, toka, tumekosea Sehemu B? Nilisimama uchochoroni pale baba alipokuwa akisimama kuamkia, mkono nimeunyanyua mlangoni, nikaushusha. Nikarudi nikakaa barazani kwetu. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, watu wakaenda wakasali wakarudi, na viatu bado vipo.

Alipotoka alikuwa anatembea polepole, na mkononi kashika ileile sahani, imefunikwa kitambaa. Alipita mbele yangu akaingia ndani, akaketi mkekani, akaiweka sahani mbele yake. Nikamfuata. Nilitaka kuanza mimi lakini uso wake ulinizuia.

"Naliingia nikamwamkia," akasema. "Hawezi kuinuka. Nikamwekea mkate karibu, nikamwambia, shoga, nimekuja unisamehe, nalikudhania vibaya. Akalia. Akasema, mkate ule nalikuleteeni kwa moyo safi. Siku za nyuma nalipokuja kwako nalisikia kikohozi cha mumeo huko uani, nikajua mna wa tatu na hashibi. Nikamwambia Mwenyezi Mungu akulipe."

Akaunyoosha ukingo wa kitambaa. Nikafikiri ndiyo mwisho, nikaegemea ukuta.

"Akanishika mkono," akasema mama. "Akasema, ngoja, sijamaliza. Alfajiri ile askari walikuja kwake kwanza. Walimshika mwanawe shingoni, wakamwambia mmoja lazima aondoke leo, huyu au jirani yake anayetafutwa, achague yeye. Asema hakutoa neno. Alinyoosha kidole." Mama alinyoosha chake, kuelekea ghala yetu ya uani, akabaki anakitazama kana kwamba kimeota sasa hivi. "Kisha akarudi ndani akakaa na mwanawe. Na kulipopambazuka akanisikia nalia, asiweze kuja."

Nje mtu alipita anamwita mbuzi wake.

"Na babako alijua," akaendelea, na hapo sauti ikapata ukali wake wa siku zote. "Yeye shoga alimwambia mwenyewe, mara tu babako aliporejea kutoka huko. Babako kamsikiliza, kisha kamwambia mke wangu asijue, hatoweza kustahamili. Mie nisiweze! Mtu nilale naye kitanda kimoja mpaka namkosha akiwa maiti, asinambie. Nalikuwa nikisonya nyuma ya pazia, yeye ananicheka moyoni."

"Baba hakuwa akikucheka, mama."

"Wewe wajuaje?"

Sikujua. Sikujua lolote siku ile. Nilikuwa na kitu kimoja tu nilichokuwa na hakika nacho, nimekimbia nacho kutoka madukani, nikakitoa bila kufikiri kama kinafaa. Nikamwambia kwamba zile zilikuwa filamu mbili. Muuza filamu hakuwa na kipande cha pili, akatia nyengine ya nchi nyengine. Yule wa supu na yule wa mikate ni wanawake wawili, hawajuani, mtafsiri tu ndiye huwaita wote Shangazi. Nilisema yote hayo kwa haraka, nikitaka aone kwamba kosa halikuwa lake.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kwa subira ambayo si kawaida yake.

"Ni mmoja," akasema. "Nimetoka kwake."

Akakifunua kitambaa. Ndani ya sahani mlikuwa na ndizi mbivu, zile fupi tamu. Mkamwana wa jirani, wakati mama anaaga, alikuwa ameuhamisha mkate wetu kwenye chombo chengine, akaiosha sahani, akatia ndizi na kumrudishia. Hakuwa amefikiri kitu. Alifanya tu anavyofanya mtu aliyeletewa chakula. Kwa hiyo sahani ilikuwa imerudi kwetu.

Nilimwuliza mama kama amemsamehe.

"Sijui," akasema. "Alipokuwa akisema nalitaka kuutoa mkono wangu. Nikautazama, nauona bado kaushika, au mie ndiye niliyemshika. Sijui, mwanangu. Usiniulize."

Akamenya ndizi moja, akaivunja katikati, akanipa nusu. Tukala. Ilikuwa tamu, na hilo nalo lilinikera, sijui nilitaka iwe vipi. Alipomaliza akahamishia zilizobaki kwenye kapu letu, akaenda kuiosha sahani. Nilivuta kiti karibu na kabati, nikakisimamisha tayari, nikanyoosha mkono nimpandishie juu.

Hakunipa. Aliiegemeza sahani jikoni karibu na mbuzi ya nazi, ukingo uliobanduka ukiwa juu.

"Sijamsamehe," akasema. "Lakini sahani ya watu hairudi tupu. Kaangalie kama nazi imebaki."